MRI ya Goti: Nipige au Niache? Hesabu Yangu Hii Hapa

Najua mmezoea nikija hapa ni umbea wa mjini tu, nani kaachana na nani, nani kavaa nini kwenye harusi ya nani. Leo umbea ni wa goti langu mwenyewe. Watakuwepo na watu wengine humu ndani ila majina staji ng'oo, mtajaza wenyewe kichwani.

Kuna staa mmoja, mnamjua, kaposti picha ya goti lake lililopigwa MRI. Komenti zikafurika. Huyu anasema pole, yule anasema karogwa, wengine "na mimi nataka nikapige". Toka siku ile naulizwa kila saa: we na kuchechemea kwako kote huko, unangoja nini?

Sawa, nasema. Mwezi wa sita nilikuwa kwenye mpira wa jioni Kikwajuni. Nikageuka ghafla, mguu umeng'ang'ania chini, ndani ya goti kukalia "pwa". Hakuna hata mtu aliyenigusa. Kabla ya Isha goti limevimba kama dafu. Uvimbe ukaja ukapungua, lakini mpaka leo goti linaniachia likijisikia. Nashuka ngazi vizuri tu, mara hilo, kama mguu si wangu.

Na mimi ngazi ndo ugali wangu. Nabeba mizigo kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, zile nyumba za zamani, ghorofa tatu, lifti hakuna, ngazi zimesimama kama ukuta. Bosi kashaniambia kwa upole: wageni wa Disemba wakianza kuingia kama siwezi kupanda, atatafuta mwengine. Hajakosea, begi la mgeni halijui kama una goti bovu. Pesa ninayo kidogo, nilikuwa naiweka ninunue kamera ya hii kazi ya blogu. MRI na nauli zake zinaimeza karibu yote. Ndo mana nikataka kujua kwanza nanunua nini.

Ushauri haukukosekana. Bibi yangu anasema mafuta ya karafuu na kuchuliwa. Pale Jaws Corner kwenye kahawa mmoja ananiambia "kapige leo leo", mwenziwe anamkata: "Wakishakuona ndani yakhe, watakupasua tu!" Nikaona bora nikae na simu usiku nisome mwenyewe.

Eksirei nilishapiga, mifupa yangu mizima. Lakini eksirei inaonesha mifupa zaidi. Kano zinazoshika goti, na zile gegedu mbili za kati zinazokaa kama mito baina ya mfupa wa paja na wa chini, hazionekani vizuri mule. MRI ndo inaziona. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, haina ile mionzi ya eksirei.

Sasa hapa ndo nilikaa kitako. Yule mzee wa "watakupasua tu" hakuongea upuuzi mtupu. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa Marekani, watu 991 wa miaka 50 mpaka 90 walipigwa MRI ya goti. Katika wale waliokutwa gegedu imechanika, 61 kwa mia walikuwa hawana maumivu yoyote mwezi uliopita! Yaani kipimo kinaweza kuonesha mchaniko wa kweli, na maumivu yako yakawa yanatoka kwengine. Mwaka 2013 wa Finland wakachukua watu 146, gegedu zimechanika kwa kuchakaa. Nusu wakafanyiwa upasuaji, nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza bila ya kukatwa kitu ndani. Baada ya mwaka, maumivu ya makundi yote mawili yamepungua sawasawa.

Lakini mimi sina miaka 50, na goti langu halikuchakaa, liliumia siku moja. Daktari niliyekwenda kumuona alinilaza, akalikunja goti, akauvuta mfupa wa chini kuja mbele. Akasema anahisi kano ya mbele imekwenda. Nikamuuliza basi nipige MRI? Akanirudishia swali: "Jibu likitoka, utafanya nini tofauti na unachofanya leo?"

Wadau, nilikosa la kusema.

Mana hata kano ikiwa imekatika, si lazima kisu. Sweden mwaka 2010 walitoa matokeo ya vijana 121 waliokatika kano hiyo hiyo. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, jengine mazoezi kwanza, upasuaji baadae kwa anayehitaji. Baada ya miaka miwili hali zao zilikaribiana, na katika wale 59 wa mazoezi kwanza ni 23 tu waliokuja kupasuliwa. Basi nikaanza mazoezi ya fizio: kuchuchumaa nusu, kusimama kwa mguu mmoja, kila siku baada ya Alfajiri. Mapaja yakapata nguvu kweli, na pesa ikabaki pale pale.

Mpaka wiki iliyopita. Niko ngazi ya pili Shangani, goti likajifunga. Si maumivu tu, limekataa kunyooka kabisa, kama mlango uliowekewa jiwe. Nikakaa pale na begi la mgeni mpaka likafunguka lenyewe.

Hapo lile swali la daktari likapata jibu. Goti likijifunga hivyo huenda kipande cha gegedu kimechanika na kukwama katikati, na hicho hakinyooshwi kwa mazoezi wala karafuu. Kama kipo, kinaweza kutaka kushonwa au kuondolewa, na kukichelewesha kunaweza kuharibu zaidi. Sasa picha itabadilisha nitakachofanya. Barua ya rufaa ninayo, wiki ijayo napanda boti kwenda Dar, MOI pale Muhimbili, kwa shangazi pa kulala papo. Kamera itangoja.

Kwa hiyo mnaoniuliza inbox: goti likijifunga, likikuachia, au lilivimba saa ile ile ulipoumia, kamuone daktari umuulize kuhusu MRI. Kama linauma tu ukikaa sana, anza na daktari na mazoezi, usikimbilie mashine kwa sababu staa kaposti. Na siku ya kipimo sema mapema kama una chuma mwilini au kifaa cha moyo. Mafundi wa kuchomelea semeni kama chembe ya chuma iliwahi kuwaingia jichoni. Dada zangu, pini za mtandio ziacheni nje, sumaku haina utani.

Bosi nishamwambia tarehe. Kasema ataningoja mpaka jibu litoke, zaidi ya hapo hakuahidi. Niombeeni dua, na kama wewe ulishapiga tiririka hapo chini: jibu lilibadilisha nini kwako?