Barua kwa Mpwa Wangu Kabla ya Kikao cha Ukoo

Kalenga, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Mama yako anaendelea vizuri na mahindi yameanza kukauka shambani.

Nimesikia kwamba arobaini ya kaka yangu ikipita utaomba kikao kikupe mashamba yote, la bondeni kando ya Ruaha Mdogo na la miti kule Mufindi, na kwamba dalali amekwisha kuulizia la bondeni. Sababu yako nayo nimeisikia: mtoto wa kike hana ardhi, ataolewa aipeleke kwa watu, ndiyo mila yetu Wahehe. Baba zako wadogo wanaitikia. Mimi nitakaa kwenye kikao hicho, ni haki yangu kama shangazi, basi ni vizuri ujue mapema nitakayoyasema.

Mila hiyo naijua, nimezaliwa ndani yake. Babu yako alimwachia baba yako ardhi na hakuna dada aliyenung'unika, maana aliyekabidhiwa shamba alikabidhiwa na watu wake. Nilipofiwa na mume nikarudi na watoto, baba yako hakungoja kikao. Alinionyesha pa kulima, na ndipo ninapolima mpaka leo. Siku hizi mtu wa mjini anakuja na fedha taslimu, shamba linakatwa viwanja, kesho kuna ukuta. Dada yako akiachika mwaka ujao, atarudi wapi? Ukitaka haki ya mrithi wa zamani, chukua na wajibu wake. Huwezi kushika mila siku ya kurithi ukaiacha siku ya kuuza.

Tena hayo mnayoyataja, kwamba mtoto wa kike ni daraja la tatu katika urithi na ardhi ya ukoo aitumie tu bila kuiuza, yako kwenye Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Lilikusanya desturi za makabila mengi yanayofuata upande wa baba, likazipanga kwa namba za vifungu. Wajibu alioubeba kaka yangu bila kusukumwa na mtu, karatasi haiwezi kuubeba.

Sasa dada zako. Unajua watu wanavyowasema wasichana wa Iringa, kana kwamba Mungu amewaumba kwa kazi za ndani za Dar es Salaam. Wako wawili walikwenda huko wakiwa wadogo, na fedha walizotuma ndizo zilizonunua mbolea ya bonde hilo na sehemu ya ada yako. Wa tatu alibaki kumuuguza baba yenu. Na miaka ya ukimwi, mkoa wetu ulipoongoza Tanzania Bara kwa maambukizi katika utafiti wa 2007 na 2008, nani walilea yatima wa ukoo huu? Ni bibi na shangazi, wanawake wasio na hata robo eka kwa jina lao. Wajane wengine walifukuzwa na mashemeji kabla matanga hayajaanuliwa, na waliofukuza walisema ni mila. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mtafute mwanasheria yeyote hapo Mbeya akueleze kesi ya Holaria Pastory wa Muleba. Alikuwa mzee, hana wa kumtunza, akauza mwaka 1988 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake akamshtaki, akidai mwanamke hana ruhusa hiyo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema Katiba imekataza ubaguzi na mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Watu wengi hukumbuka ushindi wake. Mimi hukumbuka kwamba aliuza kwa kukosa wa kumtunza, na mpwa alijitokeza kesho yake tu, kudai shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imetamka kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Lakini sitaki tufike mahakamani tukiwa maadui. Njoo kabla ya kikao, ukae na dada zako watatu na mama yako. La bondeni lisiuzwe. Liandikiwe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yenu wote. La miti mgawane, na mama yako awe na fungu lake. Kisha mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, warithi wote wakitajwa. Baba zako wadogo niachie mimi, nitazungumza nao.

Mwambie dalali asije tena. Nijibu wiki hii.

Ni mimi shangazi yako.