Kwa Mpwa Wangu: Furu wa Ziwa Letu

Isaka, Kahama
9 Juni 2024

Mpwa wangu Kulwa,

 

Umeniandikia kwamba mwalimu wa baiolojia amewafundisha kuhusu ndege wa visiwa vya Galapagos, nawe bado huelewi vipi mzazi mmoja aache ukoo wa aina nyingi. Mbona mbali hivyo, nawe unasoma Mwanza? Nenda mwaloni ukaangalie samaki waitwao furu.

Ziwa Victoria lilikauka, na kiasi cha miaka 15,000 iliyopita likajaa tena. Furu walioingia kutoka maji ya jirani walikuta nafasi tele. Wengine walikwangua mwani kwenye miamba, wengine wakavunja konokono, wengine wakawinda samaki wadogo. Aliyezaliwa na taya linalofaa pale alipo alishiba na kuacha watoto wengi kuliko mwenzake. Kizazi kwa kizazi zikatokea aina zinazokadiriwa kufika 500.

Lakini taya peke yake halitoshi, kwa sababu wakizaana ovyo tofauti hizo hufutika. Kwenye visiwa vya miamba vya Ghuba ya Mwanza wako furu wa aina mbili walio karibu mno kiukoo. Madume ya aina inayokaa maji ya juu ni ya buluu. Ya aina inayokaa chini yake ni mekundu, na aina hiyo mwaka 1985 ilipewa jina la Mwalimu Nyerere: nyererei. Kadiri unavyoshuka, maji yale humeza mwanga wa buluu na kubakiza mwekundu. Macho ya furu wa chini huona zaidi wekundu, na jike humchagua dume anayemwona vizuri. Hivyo kila kundi likabaki likizaana lenyewe kwa lenyewe.

Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha upande wa pili: maji yakijaa tope na mwani, rangi hazitambulikani, jike hukosea, na aina mbili huyeyuka kuwa moja. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, aliwamaliza furu wengi kwa kuwala. Lakini uchafu huziondoa aina bila hata samaki mmoja kuliwa.

Basi kwenye mtihani usiishie kuandika kwamba mazingira huzalisha aina. Ongeza kwamba kinachozitenganisha kikivurugwa, zinarudi kuchanganyika, na kazi ya maelfu ya miaka hupotea ndani ya miongo michache.

Soma kwa bidii.

Mimi mjomba wako