Picha Isiyo na Waya

Ndugu msomaji, suala la picha si geni kwako. Tangu zamani wanazuoni wamelijadili. Wako walioizuia kila picha ya kiumbe chenye roho, na wako walioitenga ile inayochongwa au kuchorwa kwa mkono na hii ya kamera. Miongoni mwa hao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, ambaye aliandika risala kuihalalisha picha ya kamera kwa hoja kwamba mpigaji haumbi kitu. Anakizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Mimi nimo katika wanaoifuata rai hiyo, na anayeona vinginevyo ana dalili zake, sina ugomvi naye. Ninalotaka kukuuliza leo ni jengine. Kivuli hicho ukishakizuia, je, umekizuia kama kilivyokuwa?

Nauliza kwa sababu ya jambo dogo. Hapa Tabora tunayo bustani ya wanyama, iliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na watoto wa chuo changu hupenda kwenda huko siku za Idi. Siku ya pili ya Idil Fitri nilifuatana nao. Wamevaa kanzu mpya, mifuko imejaa ubuyu, na wale wakubwa wamekuja na simu za nyumbani kwao. Basi nikamwona kijana mmoja, wa miaka kumi na mitatu hivi, amesimama mbele ya tumbili. Tumbili ameukamata waya kwa vidole, na vidole vile, ndugu msomaji, ukivitazama utaona vina kucha kama zako. Kijana ameinua simu na hapigi. Nikamwuliza, "Mbona hupigi?" Akasema, "Namngoja auachie waya, maalim. Nataka atoke kama yuko porini."

Akangoja. Tumbili alipochoka akauachia waya, akaenda kukaa juu ya tawi. Kijana akaipenyeza simu katika tundu, akapiga, akanionyesha. Picha nzuri, wallahi! Majani, jua la asubuhi, na tumbili ametazama mbali. Waya hauonekani hata kidogo. Akawapelekea ndugu zake wa Tanga, na kabla hatujatoka mle jibu likarudi: "Mashallah, mmekwenda mbuga gani?"

Kijana yule hakusema uongo kwa ulimi wake. Lakini kuna watu Tanga wameamini jambo lisilokuwepo, na aliyewaaminisha ni yeye. Picha siku hizi ni shahidi. Twaipeleka mahakamani, twaipeleka kwa wakwe, twaiamini kuliko maneno ya mtu mzima. Na ushahidi una sharti zake. Suratul Baqara imetukataza kuuficha, na anayetoa nusu ya alichokiona amekwisha kuificha nusu ya pili. Nikamwambia apige nyingine, na waya wake, azipeleke zote mbili. Akapiga. Hiyo ya pili haikuletewa mashallah.

Usinifahamu vibaya. Sisemi kwamba kumfuga mnyama au kumtazama alipofungiwa ni haramu. Unaijua hadithi ya Abu Umair, nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) akimfanyia mzaha kwa kumwulizia khabari za kidege chake. Wanazuoni wametoa humo ruhusa ya kuweka ndege nyumbani, ikiwa analishwa na hateswi. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii nafaka ya mnyama ni wajibu juu ya mwenye mnyama. Akikataa, kadhi humlazimisha amlishe, au amwuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Yule mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa, wala hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, khabari yake imo katika Bukhari na Muslim na kila mtoto wa chuo anaijua.

Lakini sheria haikuishia kwenye chakula. Abu Daud amepokea khabari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake na masahaba walipokuwa safarini, akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia huzuni kwa watoto wake, na akaamuru warudishiwe. Tazama vizuri: hakuna hapo njaa wala kipigo. Kilichohukumiwa ni huzuni ya ndege. Mimi nimeisomesha hadithi hii miaka mingi, na kila mwaka kuna mtoto anayeuliza, "Mtume alijuaje kuwa ana huzuni?" Namjibu: alimtazama.

Kutazama ndiko tulikokupunguza. Katika mji mmoja, ambao sitautaja, niliona fisi ndani ya kizimba uwanjani kwa tajiri mmoja. Alikuwa akilishwa, nyama ilikuwa mbele yake na nzi juu yake. Akienda hatua nane akageuka, hatua nane akageuka, na mahali pa kugeukia pamechimbika kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Porini fisi hutembea usiku mmoja masafa ambayo wewe na mimi tungepandia basi. Watu walikuwa wakipiga picha, na katika kila picha fisi anaonekana ni mnyama mchangamfu anayekuja mbio kukulaki. Kamera huikamata hatua moja. Zile nyingine elfu haizijui. Wenye elimu ya wanyama wameliona jambo hili. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Oxford, Ros Clubb na Georgia Mason, walionyesha kwamba miongoni mwa wanyama wala nyama, wale wenye kuzunguka eneo kubwa porini ndio wanaotaabika zaidi wakifungiwa, na alama mojawapo ni huko kwenda na kurudi.

Labda utasema mzee huyu anayakuza mambo ya tumbili na fisi. Basi kumbuka nakuandikia kutoka wapi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, hapako mbali na chuo changu. Kutoka pwani yalipanda marobota ya merikani, shanga na masango. Kutoka bara ziliteremka pembe, na watu. Wengine waliteremka na kongwa shingoni. Neno hilo kongwa ni la Kiswahili chetu, hatukuazima kwa Mzungu. Na wenye misafara wengi walikuwa wenzetu katika dini, wakisimama kuswali adhuhuri pale pale njiani. Utumwa haukupigwa marufuku kisheria Tanganyika mpaka 1922, na mimi nimewadiriki wazee waliozaliwa kabla ya mwaka huo.

Sasa sikiliza kilichotokea upande wa pili wa njia, Kongo. Kijana mmoja wa Kimbuti, Ota Benga, alinunuliwa na Mmarekani Samuel Phillips Verner kutoka kwa wauza watumwa, kwa kitambaa na chumvi; bei ambayo mfanyabiashara yeyote wa Tabora wa zamani angeielewa. Mwaka 1904 akapelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis, na Septemba 1906 akatiwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Maelfu ya watu walikuja kumtazama na kumcheka. Wachungaji weusi wa mji ule, akiwamo James Gordon, walipinga mpaka akatolewa. Mwaka 1916 akajiua. Shirika linaloisimamia bustani hiyo liliomba radhi mwaka 2020, baada ya miaka 114.

Picha zake za pale bustanini zipo. Katika ile inayojulikana zaidi amesimama, amempakata mtoto wa sokwe. Ukiiona bila ya kuambiwa utadhani ni mtu na kipenzi chake. Ndani ya nyumba ya nyani, mahali penyewe pa dhulma, hakupigwa picha, kwani kamera hazikuruhusiwa humo. Tunayo sura ya Ota Benga. Kizimba chake hatuna.

Nanyi watu wa pwani, nendeni mkatazame kuta za baraza zenu. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, ambaye babake alikaa na kuoa hapa Tabora, ana picha maarufu: kilemba, joho, ndevu nyeupe, haiba ya mtu mkubwa. Nyumba nyingi zina babu wa namna hiyo ndani ya fremu, na wajukuu huambiwa alikuwa tajiri wa pembe aliyefika mpaka Manyema. Kweli alifika. Pembe hizo zilibebwa na nani, na waliobeba walirudi kwao au hawakurudi, hayo yamebaki nje ya fremu. Sikwambii uitoe picha ukutani. Mtoto akikuuliza, mtajie na kongwa.

Ama wanyama, iko khabari ambayo watoto wangu huipenda kuliko zote. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walileta sokwe 17 kutoka mabustani ya Ulaya, wakawaachia katika kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria. Wengi wao walikamatwa Afrika Magharibi wangali wachanga na walikuwa wamekaa vizimbani miaka. Kisiwa hakikuwa kwao, wala hapakuwa na sokwe mwenyeji wa kuwafundisha tunda lipi huliwa na lipi huachwa. Walijifunza wenyewe. Wakaanza kusuka viota juu ya miti, wakazaa, na vizazi vyao vimo humo hadi leo, katika kisiwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Mwaka jana kijana yule wa tumbili aliniuliza kama nina picha yao. Nikamwambia sina. Hawapendi kukaribiwa, wageni huingia msituni na kamera kubwa tangu alfajiri, na wako wanaorudi jioni na picha za viota vitupu.