Hesabu ya Maji

Msomaji mpenzi, ukitazama maji yakiteremka mferejini huoni kazi yoyote. Huenda chini, hujaza shimo, hupita kando ya jiwe, wala hayangoji kuamrishwa. Lakini jaribu siku moja kuyaandikia maji sheria zake, uone jinsi jambo jepesi kwa macho lilivyo zito kwa akili. Mimi nalijaribu, na yaliyonipata ndiyo nitakayokusimulia.

Mwaka 2023 nilikuwa mlezi wa chama cha tarakilishi katika shule nilimokuwa nikifundisha hisabati. Wanafunzi walipenda michezo ya kujenga, ambayo dunia yake yote, ardhi, miti na nyumba, hufanywa kwa matofali ya mchemraba yaliyo sawa. Mashuhuri kati ya michezo hiyo ni Minecraft, uliotolewa ukiwa kamili mwaka 2011. Maji yake ni ya ajabu. Chemchemi moja mahali tambarare hutandaza maji matofali saba kila upande, kisha hukoma. Na ukiweka chemchemi mbili juu ya sakafu imara, ukaacha nafasi ya tofali moja katikati, ya tatu huzaliwa yenyewe. Mtu huchota hata achoke, na maji hayapungui.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, mzaliwa wa bonde la Kerio, alicheka alipoyaona. "Mwalimu," akasema, "maji haya hayajui kiangazi." Kwao Marakwet maji hushushwa kutoka mito ya milimani kwa mifereji ya mawe, magogo na udongo, iliyoanzishwa na mababu zamani sana, na koo hugawana zamu za kunywesha mashamba. Neno lake lilinichoma. Tukaazimia kutengeneza maji yenye kupungua.

Tulitumia Minetest, mchezo wa namna hiyo hiyo, ambao tangu mwaka 2024 huitwa Luanti. Programu yake hutolewa bure, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuiongezea mambo kwa lugha iitwayo Lua. Tuliandika sheria tatu. Kila nafasi ya tofali ibebe vipimo vinane vya maji, si zaidi. Kwanza, maji yateremke ikiwa chini pana nafasi. Pili, yasiyoweza kuteremka yagawanywe sawasawa na majirani wenye maji machache. Tatu, yaliyofikia usawa yatulie, yasihesabiwe tena mpaka yaguswe. Kwa maana dunia yenye urefu wa matofali 100, upana 100 na kimo 64 ina nafasi 640,000, na tarakilishi zetu kuukuu zisingeweza kuzipitia zote kila mara.

Siku ya kwanza maji yalikimbilia mashariki. Tulikuwa tukihesabu kutoka magharibi, na nafasi iliyokwisha pokea maji ilihesabiwa tena katika zamu ile ile, ikayasukuma mbele. Basi tukatumia madaftari mawili: hali ya zamani ikasomwa katika la kwanza, hali mpya ikaandikwa katika la pili. Maji yakatandaa pande zote, nami nikajiona fundi.

Kisha tukajaza bwawa vipimo 200, tukafungua mfereji mpaka shambani. Maji yalipotulia, msichana yule akayahesabu yote. Yalikuwa 163. "Mwalimu," akauliza, "vipimo 37 vimekwenda wapi?"

Nikajibu upesi, "Vimekaushwa na jua."

Msomaji, hatukuwa tumeandika sheria yoyote ya jua. Nilisema hivyo kwa sababu macho yote yalinielekea, na mtu aliyezoea kuulizwa miaka kumi na kujibu huona haya kusema hajui. Msichana hakunibishia. Alisema tu kwa adabu, "Kwetu maji yakipungua mferejini, hatusemi jua kwanza. Wazee huufuata mfereji kwa miguu mpaka waone mahali ukingo ulipobomoka, au ulipokatwa na mtu."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nikaamka, nikawasha taa, nikaufuata mfereji wangu mstari kwa mstari. Nililiona tundu katika sheria ya kugawanya. Vipimo vitatu vilipogawiwa nafasi mbili, kila moja ilipewa kimoja, na cha tatu hakikuandikwa popote. Miaka yote ile nilikuwa nikiwafundisha watoto habari ya baki, na baki ndilo nililolitupa.

Asubuhi nilisimama mbele yao nikasema, "Jana niliwaambia ni jua. Haikuwa kweli. Palikuwa na tundu, nami ndiye niliyelitoboa." Mvulana mmoja alicheka, wenzake wakamnyamazisha. Nilipowaonyesha ule mstari, msichana yule ndiye aliyetoa dawa: baki likae pale lilipokuwa, lingoje zamu nyingine. Tukafungua bwawa tena, tukahesabu: 200. Tukarudia: 200. Baadaye tuliandika sheria ya jua kweli, lakini kila kipimo lilichochukua kiliandikwa daftarini.

Maji yetu bado yana kasoro. Yakimiminwa katika bomba lililopinda, hayapandi upande wa pili kufikia usawa, kama maji ya kweli yapandavyo. Kila mwanachama mpya huambiwa hivyo siku ya kwanza, naye hukaribishwa kujaribu.

Nawe msomaji, itakapotokea siku hesabu yako ikapunguka, iwe ya fedha, ya mifugo au ya maneno uliyoyaahidi, usikimbilie kulisingizia jua. Chukua fimbo yako, uufuate mfereji tangu kichwani. Na ukiukuta ukingo umekatwa, tazama kwanza jembe lililo mkononi mwako.