Asubuhi ya baridi, siku ya kuchoma vyungu

Mtu akikuambia kwamba Nyanza Kusini ni joto tupu, mwulize kama amewahi kuamka Oyugis mwezi wa Aprili. Mji huu umo katika kaunti ya Homa Bay, lakini umejitenga na fukuto la ziwa, ukapanda juu upande wa vilima vya Kisii. Masika yakishika, ukungu hulala mashambani hadi saa tatu, na nguo ulizoanika jana huzikuta zingali na unyevu. Kwako wewe mgeni, hilo ni jambo la kuvaa sweta. Kwa mama mfinyanzi, ni karo ya shule.

Nilimkuta mama mmoja nje kidogo ya mji, amepanga vyungu kumi na viwili jikoni kandokando ya meko: agulu za kupikia mboga, na mitungi mikubwa ya maji ambayo Wajaluo huiita dapi. Shule zilikuwa zinafunguliwa juma lililofuata, na siku ya soko ilikuwa inakaribia. Nilidhani nimefika wakati wa moto. Lo! Alitwaa chungu kimoja, akakibandika shavuni kama mtu apimaye homa ya mtoto, kisha akanipa nami nijaribu.

"Wasikia nini, mwanangu?"

"Baridi, mama."

"Basi bado kina maji. Rudi Alhamisi."

Ukiwa na haraka za mjini utadhani huo ni ushirikina. Sivyo hata kidogo. Udongo unaoonekana mkavu kwa macho huweza kuwa na maji yaliyojificha ndani ya kuta za chungu, nayo yanapotoka polepole huupoza. Ndiyo sababu shavu huhisi baridi. Maji hayo yakifikishwa ghafla kwenye nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yenyewe. Usipopata pa kutokea, chungu hupasuka kwa kishindo na kuvunja majirani zake.

Kwa kuwa nilikuwa na siku mbili za kungoja, nilishuka hadi Homa Bay mjini, nikapanda matatu ya kupitia Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha nikaingia kaunti ya Migori. Nakushauri nawe uifuate njia hiyo. Wengi huja huku kuitazama Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, ambazo UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Usiache kuziona. Lakini mimi safari hii nilikuwa nayafuata maporomoko ya Gogo, katika mto Kuja.

Hapo pana mtambo mdogo wa umeme, wa megawati 2, uliojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya Macalder. Na karibu na maporomoko hayo hayo, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1980 vigae vya vyungu vya watu walioishi kwa kuvua na kuwinda maelfu ya miaka iliyopita. Wataalamu huviita vyungu vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja katika mto Kagera. Stima na vigae mahali pamoja!

Kijana mwanafunzi niliyekuwa nimeketi naye kwenye matatu aliniuliza swali ambalo huenda nawe unaniuliza: kwa nini yule mama asitafute tanuri la umeme, akaisahau mvua?

Tanuri hilo ni kama sanduku la matofali mepesi, lenye nyaya zilizosokotwa ndani mithili ya zile za jiko la stima. Moto wake haupeperushwi na upepo. Lakini siku ya baridi halikusamehi. Ni lazima uache kifuniko wazi kidogo, uwashe swichi ya chini kabisa, ungoje saa kadhaa. Wenye kazi huweka kioo kwenye tundu la tanuri. Kikiingia ukungu, maji bado yanatoka, hufungi. Halafu kuna stima yenyewe. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, kama zinavyoshuka vijijini jioni kila mtu akiwasha taa, joto hupungua karibu theluthi. Na ukishamaliza, usilifungue kwa pupa, kwani hewa ya baridi ikikipiga chungu cha moto, hukitia ufa. Bei yake sitaitaja, nisije nikakukatisha tamaa.

Alhamisi nilirudi. Jua lilikuwa limechomoza, nalo shavu halikuhisi baridi tena. Hata hivyo mama hakuanza na moto mkubwa. Aliviinamisha vyungu juu ya makaa yenye moshi, akivigeuza kila mara, hadi vikawa moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu. Swichi yake ya chini ndiyo hiyo, nikajisemea. Ndipo alipovipanga midomo chini juu ya kuni na samadi kavu, akavifunika kwa nyasi na vigae vya zamani, akawasha upande unaotoka upepo.

Tulikaa kimya. Kiasi cha robo saa hivi tukasikia mlio mmoja, kama wa bisi. Mama alifumba macho, akasubiri mwingine. Haukuja.

Alasiri alivitoa kwa fimbo ndefu, vyekundu, akavinyunyizia maji ya magome yaliyochemshwa, navyo vikachemka na kufuka. Vilikuwa kumi na kimoja. Vigae vya kile cha kumi na mbili alivikusanya vyote, akaviweka kando ya ukuta pamoja na vile vya kufunikia moto.