Motokari yetu inachemka!

Ndugu wasomaji, hapa kwetu Kipushi wenye motokari wako wa namna mbili: wale wanaopeleka motokari garaji, na wale wanaolala chini yake juu ya kartoni. Mimi ni wa kartoni. Sababu ya kwanza ni franga, siwezi kuficha. Nilitoka kazi mwaka 2003, wakati maelfu ya wafanyakazi wa migodi ya Katanga walipewa franga za kuondoka kwa mapenzi. Sababu ya pili ni kwamba miaka 18 nilifanya kazi ya pompu za maji, na mtu aliyeishi na maji miaka ile yote hakubali haraka kuambiwa ya kama maji yamepotea bure.

Vijana wa leo hawajui sana habari ya zile pompu. Mugodi wa Kipushi ulisimamisha kuchimbua mwaka 1993, lakini pompu zilibaki zinatembea mchana na usiku, sababu zikisimama maji yanapanda. Ilionekana wazi mwaka 2011: pompu kubwa iliharibika, na galeri za chini zikajaa maji. Kazi ile ilinifundisha kuuliza jambo moja tu: maji yanatoka wapi, na yanaenda wapi?

Motokari yetu ni Toyota Corolla ya 1994. Ilitoka Japani, ikapita Dar es Salaam na Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa. Volan yake iko kuume, na huku kwetu tunatembea upande wa kuume wa barabara, basi dereva anakaa upande wa majani na haoni kitu akiwa nyuma ya kamio. Kila mara ninapotaka kupita kamio, ni mke wangu anayetoa kichwa na kusema: «Pita!» ao «Ngoja kwanza!» Tumeshatembea namna hii miaka mingi. Hakuna aliyetufundisha kusikilizana kupita ile volan.

Mama njo mwenye kazi ya motokari. Siku ya posho anapeleka unga na maharagi Lubumbashi, kilometre 30, na kwa kurudia analeta samaki. Minerval ya batoto inatoka mule. Kwa hiyo motokari ikisimama, si baba peke yake anayetembea kwa miguu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anasema: «Baba, batoto betu beko saba, na ile motokari njo ya munane. Tena njo yenye kula mingi!»

Sasa, ugonjwa wake. Njiani, kwenye barabara tupu, haikuwa na neno. Lakini tukifika kwenye kuingia Lubumbashi, kule kamio zinafuatana pole pole, mshale wa moto unapanda, kisha mvuke unatoka mbele kama sufuria ya bukari. Tunasimama, tunangoja, tunaongeza maji litre mbili ao tatu. Chini hakuna tone. Mipira ya maji mizima. Pompu ya maji haitoki kitu. Maji yanakwenda wapi?

Ndugu zangu, motokari ikisimama kando ya barabara, kila mpita-njia anakuwa mekanisie. Mmoja alisema tutie ute wa yai ndani ya radiatere. Mwingine, pilipili. Wa tatu alisema ni volan ya kuume inayoleta bahati mbaya. Garaji moja lilitazama dakika tano na kusema: jointi ya kulasi imekufa, ndiyo ile inayokaa kati ya kichwa cha motere na mwili wake. Bei: dolari 250. Mke wangu alisikia ile bei. Usiku, batoto walipolala, alisema kwa sauti ndogo: «Baba, kama mbele ya siku ya posho ingine haijapona, tuiuzishe. Minachoka kuomba fasi mu bamotokari ya bantu.» Nilimwambia: «Unipe siku tano, mama.»

Basi asubuhi, motere ikiwa baridi, niliondoa kifuniko cha radiatere, kile wanachoita bushoni, nikawasha. Binti yetu wa miaka 14 alishika taa. Kama jointi ya kulasi imepasuka, hewa ya moto inaingia ndani ya maji, na utaona mapovu yanapanda bila kukatika. Tulitazama karibu robo saa. Hakuna mapovu. Tukatoa kijiti cha kupimia mafuta ya motere: kama maji yameingia, mafuta yanakuwa na rangi ya kahawa na maziwa. Yalikuwa meusi, ya kawaida. Jointi ilikuwa nzima. (Vijana, naomba: jambo hili linafanywa motere ikiwa baridi tu. Ukifungua bushoni ya moto, maji yanaruka usoni. Namjua mtu mwenye alama yake mpaka leo.)

Binti ndiye aliyegeuza ile bushoni mkononi mwake na kuuliza: «Papa, huyu mupira njo namna gani, umekauka sawa ngozi ya nyoka?»

Hapa nilikaa chini. Wengi wanafikiri bushoni ni kifuniko tu, kama cha chupa. Hapana. Ndani yake kuna risori na mupira, na kazi yake ni kufunga mvuke ndani ili maji yasichemke upesi. Juu ya yetu iliandikwa 0.9, ndiyo nguvu yake. Sisi tunakaa juu, karibu metre 1300 kupita bahari, na kule juu maji hayangoji digri 100: yanachemka kwenye digri 96 hivi. Na ventilatere ya umeme ya motokari kama hii inangoja digri 90 na zaidi ndipo inaanza kuzunguka. Bushoni ikiwa nzima, maji yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Ikiwa imekufa, ventilatere inaanza kazi wakati maji yako karibu kuchemka. Yanatoka kwa mupira mdogo wa pembeni, yanaanguka barabarani tukiwa tunatembea, na tukisimama hakuna tone la kuonyesha. Kwenye barabara tupu upepo ulikuwa unatusaidia. Nyuma ya kamio hakuna upepo.

Kujua ilikuwa furaha. Kupata piesi ilikuwa mateso. Sokoni nilinunua bushoni mpya, dolari 5, ndani ya kartoni nzuri yenye maandiko makubwa. Ilikuwa kopi. Nilipoisukuma kwa kidole, risori ilikuwa laini sana, na siku ya pili maji yakatoka tena. Siku ya tatu nilikwenda kwa mtu anayeuzisha piesi za motokari zilizokufa, nikakuta Corolla iliyogongwa, bushoni yake ya asili ingali ngumu. Dolari 3. Nilichukua na funguo mbili, ya 12 na ya 14, sababu zangu ziliazimwa na jirani, na jirani huyo, ninyi wote mnamjua, kila mtaa uko naye.

Tulipofungua zaidi, tuliona mtu fulani wa zamani aliondoa termostati. Ni desturi mbaya inayopita magaraji mengi: motokari ikichemka, ondoa! Lakini bila termostati motere inakaa baridi muda mrefu, zaidi asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, inakunywa esanse mingi na inakwisha mbele ya wakati. Nilipata moja iliyoandikwa 82. Sikuiweka bila kuipima, maana nilikuwa nimechoka na kopi. Tuliitundika na kamba ndani ya sufuria juu ya mbabula, binti akatazama: maji yalipokaribia kuchemka ikafungua mdomo, tulipoitoa ikafunga. Mke wangu akatokea mlangoni. «Ile sufuria yangu ya bukari?!» Sitaandika yote aliyosema. Sufuria mpya imeingia katika hesabu.

Burunge moja ya fasi ya termostati ilikatika ndani, na kazi ya saa mbili ikawa ya siku moja na nusu. Mikono ya binti ndiyo iliyofika pale ambapo yangu haiingii. Ijumaa jioni, mvua ikianza, tulijaza maji safi, tukawasha, tukangoja. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukakaa. Ventilatere ikazunguka, ikasimama, ikazunguka tena. Mke wangu alitoka na mwavuli, akatazama ule mshale muda mrefu, kisha akaenda kufunga mifuko ya unga.

Sasa kuna kaye ndani ya motokari. Yeye anaandika kila piesi na bei yake, binti anaandika kilometre. Kuna bidoni ya maji na ile bushoni ya kopi, ambayo ninabaki nayo ili nionyeshe watu. Wiki iliyopita binti alisema anasikia mlio kama wa jiwe la kusagia tukipita kilometre 60 kwa saa: anasema ni rulema ya gurudumu la kushoto. Mimi nasikia upande wa kuume. Mama anasema sisi wote wawili ni viziwi, ni la nyuma. Siku ya posho, akirudi sokoni, tutapandisha motokari na kriki, tuzungushe magurudumu moja moja kwa mkono.