Daftari la Shabiki wa Pullman

Jumapili, 12 Oktoba 2025. Spokane

Jana sisi Washington State tumeshindwa na Ole Miss 24–21, kwao, Oxford, Mississippi. Kushindwa ni kushindwa, lakini mwezi uliopita North Texas walitumiminia alama 59, na wiki iliyofuata Washington nao wakatumiminia 59 zao. Kutoka huko hadi kumtoa jasho kocha wao, Lane Kiffin, robo nzima ya mwisho! Jimmy Rogers wetu ni kocha. Nimeliandika hapa ili nisije nikajikana baadaye.

Ila habari ya leo si yetu. Penn State wamempiga kalamu kocha wao, James Franklin. Januari mwaka huu huu alikuwa kwenye nusu fainali ya taifa. Mechi 104 ameshinda pale. Halafu akapoteza tatu mfululizo: Oregon, kisha UCLA ambao hawakuwa wameshinda hata moja, na jana Northwestern kwa alama moja, nyumbani. Basi. Mkataba unasema anadai karibu dola milioni 50 kwa kutofanya kazi.

Mimi mhasibu. Nikiona sentensi kama hiyo siulizi nani kashinda, nauliza nani alitia sahihi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sasa ni zamu ya LSU. Jumamosi Texas A&M waliwacharaza 49–25 mbele ya mashabiki wao, jana kocha wao Brian Kelly akaonyeshwa mlango. Mwaka 2021 walimtoa Notre Dame kwa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 95. Kilichobaki kulipwa: takriban milioni 54.

Kaka yangu kanipigia kutoka Eldoret. Yeye ni wa Gor Mahia damu na nyama, kandanda hii ya Kimarekani anaiona vita vya watu waliovaa magodoro. Lakini hela anazielewa. "Hebu nieleze polepole. Huyo mtu amefukuzwa, au amestaafu kwa heshima?" Nikamwambia amefukuzwa. "Na chuo ni cha serikali?" Cha serikali ya jimbo la Louisiana. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hiyo kazi ya kufukuzwa inahitaji shahada.

Nilimweleza kwamba katika majimbo mengi ya huku mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa, ni kocha wa chuo. Idara kubwa za michezo husema hela hizo si za kodi, ni za tiketi, televisheni na wafadhili. Sawa. Lakini mfadhili anayetoa milioni kumi kumwondoa kocha hatoi milioni hizo hizo kujenga maabara, na rais wa chuo anajua hivyo, ndiyo maana hamkatizi anapozungumza.

Ijumaa, 31 Oktoba

Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, kaingia uwanjani. Keshatangaza kwamba mkurugenzi wa michezo wa LSU, Scott Woodward, hatamchagua kocha ajaye, na kwa kejeli akasema heri Donald Trump amchague. Jana Woodward kaondoka.

Simpendi gavana anayejifanya mwenyekiti wa klabu, ila hoja yake kuhusu mikataba ina uzito. Woodward huyo huyo ndiye aliyekuwa Texas A&M mwaka 2017 walipompa kocha Jimbo Fisher miaka 10 na milioni 75, zote za uhakika. Akaondoka kwenda LSU. Waliobaki wakamwongezea Fisher mkataba mwaka 2021, hadi 2031, kisha Novemba 2023 wakamfukuza, siku moja tu baada ya kushinda 51–10! Gharama: zaidi ya milioni 75. Fisher ataendelea kupokea hela za A&M hadi 2031. Tumtendee haki Woodward: nyongeza ile si yake. Lakini mtindo ni wake, na wenzake wote wameuiga.

Na mtindo wenyewe ni huu. Kocha akishinda mechi nane, wakala wake anavujisha kwamba chuo fulani kinamtaka. Mkurugenzi anaogopa kubaki na lawama, anaongeza miaka na kufuta kila kifungu cha kumlinda mwajiri. Ikiharibika miaka mitatu baadaye, mkurugenzi keshahamia chuo kingine chenye mshahara mnono zaidi. Katika kazi yangu mtu akitia sahihi deni asilolibeba yeye, wakaguzi humwita ofisini. Huku humwita kiongozi mwenye maono.

Jumamosi, 8 Novemba

Hatuna mechi wiki hii. Nimepekua karatasi za zamani, nikakuta mahesabu ya chuo chetu niliyokuwa nimeyachapisha. Hayasomeki bila chai.

Washington State haikuwahi kuwa tajiri, lakini ilikuwa na kiti mezani. Televisheni na mengineyo kupitia ligi ya Pac-12 vilileta zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka. USC na UCLA walitangaza kuondoka Juni 2022. Tarehe 4 Agosti 2023 Washington na Oregon nao wakaaga, na kufikia mwisho wa sarakasi tulibaki wawili, sisi na Oregon State. Hatukuwa tumefanya kosa lolote uwanjani. Kosa letu ni Pullman: mji mdogo katikati ya vilima vya ngano, mbali na Seattle, mbali na kila mtu mwenye kamera.

Kisha likaja deni jipya. Juni mwaka huu jaji Claudia Wilken ameidhinisha maafikiano ya kesi ya House: wachezaji wa zamani kulipwa dola bilioni 2.8 katika miaka 10, na vyuo kuruhusiwa kuwalipa wachezaji wa sasa moja kwa moja, hadi milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mimi naunga mkono wachezaji kulipwa, tena walichelewa. Kabla ya hapo tulikuwa tunawachangia mashabiki wenyewe, harambee kabisa, kasoro mgeni wa heshima na mnada wa jogoo. Cam Ward tulimpata kutoka chuo ambacho hata wapinzani hawakukijua, akacheza kwetu misimu miwili, akaenda Miami, na Aprili mwaka huu akachaguliwa wa kwanza kabisa kwenye uteuzi wa NFL. John Mateer naye yuko Oklahoma. Siwalaumu. Kijana wa miaka 21 akipewa hela ya kumjengea mama yake nyumba achukue.

Lakini kikomo cha milioni 20.5 kwa wakubwa ni bajeti, kwetu ni ndoto. Na hapo ndipo Juni hiyo hiyo idara yetu ilipotangaza jambo ambalo bado linaniuma kuliko kipigo chochote cha kandanda: riadha itabaki zaidi mbio ndefu. Kutupa tufe, mkuki, kisahani, miruko yote, kwisha. Mbio fupi na viunzi, nafasi chache tu.

Mtu wa nje ataniuliza, wewe Mkenya unalalamikia nini, si mbio ndefu zimebaki? Ndiyo, zimebaki, na najua kwa nini. Zimebaki kwa sababu ya Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi hapa. Kwa sababu ya Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: Aprili mita 5,000 kule Berkeley, Mei mbio za viunzi na maji jimboni hapa hapa, Seattle, Juni mita 10,000 kule Vienna na 3,000 kule Oslo. Kwa sababu ya Julius Korir na dhahabu yake ya Olimpiki ya Los Angeles 1984, na Bernard Lagat baada yao. Mimi mwenyewe jina la Pullman nililijua kabla sijajua Seattle iko wapi, na sikuwa peke yangu Eldoret nzima. Rono alipofariki Nairobi, Februari 2024, ujumbe wa kwanza nilioupata ulitoka kwa mzee jirani yangu, Mzungu aliyehitimu hapa enzi zile. Hakuwa ameandika neno la pole, aliandika nyakati zote nne za saa, moja chini ya nyingine.

Sasa msichana wa shamba la ngano anayetupa mkuki hana nafasi kwenye chuo cha jimbo lake. Ufadhili wake wote wa miaka minne haufiki hata mshahara wa wiki moja wa Kelly, ambaye hivi sasa analipwa akae nyumbani. Nimepiga hesabu: milioni 95 kwa miaka 10 ni zaidi ya 180,000 kwa wiki.

Jumanne, 18 Novemba

Franklin kapata kazi Virginia Tech. Deni la Penn State limeshuka kutoka karibu milioni 50 hadi 9. Basi kumbe inawezekana! Kifungu cha kupunguza fidia kocha akiajiriwa kwingine, na mazungumzo kidogo, yameokoa milioni 40. LSU nao wanavutana na Kelly mahakamani kwa sababu walijaribu kutafuta njia ya kutolipa. Watalipa.

Jumatatu, 1 Desemba

Kiffin kaenda LSU. Ole Miss wana ushindi 11 na kushindwa mara moja, wanaingia mchujo wa ubingwa wa taifa, na kocha anahama wiki tatu kabla. Miaka saba, takriban milioni 13 kwa mwaka. Alitaka aruhusiwe kuimalizia kazi Ole Miss huku kasha la nguo likiwa Baton Rouge kwa LSU. Mkurugenzi wa Ole Miss, Keith Carter, akakataa, akampa timu Pete Golding, msaidizi wa ulinzi.

Huyu ndiye Kiffin aliyeikimbia Tennessee baada ya msimu mmoja, na ambaye USC walimfukuza usiku wa manane mwaka 2013 timu iliposhuka kutoka kwenye ndege. Vyuo vinajua historia hiyo yote. LSU wanadaiwa na kocha mmoja, wanamwajiri mwingine kwa bei ya juu zaidi, na uwanja utajaa Septemba. Nakiri anajua kufundisha mashambulizi kuliko karibu kila mtu.

Ijumaa, 5 Desemba

Nilijua, na bado nimeshtuka.

Penn State, baada ya kuhangaika tangu Oktoba, wamemchukua Matt Campbell kutoka Iowa State, alikokaa misimu kumi. Iowa State wakageuka siku hiyo hiyo wakamchukua Jimmy Rogers wetu. Msimu mmoja! Ushindi sita, kushindwa sita. Wino haujakauka. Alikuja kutoka South Dakota State na kundi la wachezaji wake, sasa wengine watamfuata, na sisi tutaanza tena kununua unga.

Yaani Northwestern wanashinda kwa alama moja Pennsylvania, na miezi miwili baadaye mtu anapakia gari Pullman. Alama moja.

Mzee jirani kaja na kopo la jibini la chuo, lile la Cougar Gold, tukalila bila kusema mengi. Yeye anamlaani Rogers. Mimi simlaani. Alimrithi Jake Dickert, aliyekwenda Wake Forest Desemba iliyopita, na Dickert alikuwa mwema kwetu. Kocha anaondoka kwa sababu mkataba unamruhusu kwa bei ambayo chuo tajiri hakiioni. Kazi ya mkurugenzi wetu si kumtafuta kocha mtakatifu atakayebaki. Atafute kocha mzuri, aweke bei ya kuondoka inayouma, na hela hiyo ikija isimezwe na kocha mpya, irudi kwa wale waliofyekwa Juni. Kama sisi ni chuo cha kukuza makocha, basi tuuze kwa faida. Wakulima wa Pullman hawatoi ngano bure kwa sababu eti mnunuzi anatoka Iowa.

Mzee alisema hivyo ndivyo wahasibu walivyoua mchezo. Tukaendelea na jibini.

Jumapili, 14 Desemba

Wiki hii tumempata Kirby Moore, aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Missouri. Ni kijana wa Prosser, jimbo hili hili, babaye kocha maarufu wa sekondari, kakake Kellen kocha wa New Orleans Saints. Kila mtu mjini anasema "huyu ni wetu, atakaa". Prosser ni mbali na Pullman kuliko watu wanavyodhani, na simu ya wakala inapatikana kote. Hata hivyo nimefurahi. Mwakani Pac-12 inafufuka na Boise State, Fresno State, San Diego State na wengine, na huyu anawajua: alichezea Boise na kufundisha Fresno.

Jumatatu, 22 Desemba

Tumewashinda Utah State 34–21 Boise, kwenye mechi iliyopewa jina la viazi, tukiwa na kaimu kocha, Jesse Bobbit. Wamemmwagia chipsi kichwani badala ya maji. Huyu hakuna aliyemwahidi chochote na kafanya kazi yote.

Nimeandika cheki yangu ya mwaka. Kwenye mstari wa maelezo nimeandika: riadha.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Ole Miss wamewatoa Georgia jana, 39–34, New Orleans, ndani ya jimbo jipya la Kiffin. Golding kwenye mstari, Kiffin hayupo. Na hapa ndipo nilipoweka kikombe chini: mkataba wa LSU unampa Kiffin bonasi ambazo angezipata kama angebaki Ole Miss. Kwa hiyo Louisiana inamlipa Kelly asifundishe, inamlipa Kiffin afundishe, na inamlipa Kiffin kila inaposhinda timu aliyoiacha. Kaka yangu ameomba nimsomee mara mbili. Sasa anataka kujua Ole Miss wanacheza lini tena.